Vidole Kupasuka Wakati wa Baridi: Jinsi ya Kuzuia, Kutibu na Kutambua Hatari

Msimu wa baridi katika nyanda za juu za Kaunti ya Nyandarua huanza mwezi Juni na kuendelea hadi Agosti. Asubuhi ukungu hutanda kutoka Kinangop hadi Ol Kalou, manyunyu hayakatiki, na jua likitoka halikai. Hata hivyo ng'ombe lazima akamuliwe. Viazi lazima vichimbwe, karoti zioshwe, nguo zifuliwe na abiria wa bodaboda wafikishwe sokoni. Huu ndio wakati ambapo wakazi wengi huona mistari midogo ikijichora pembeni mwa ukucha wa kidole gumba au wa kidole cha shahada. Baada ya siku mbili tatu mstari hufunguka na kuwa ufa.

Ufa wa kidole ni kidonda kidogo kiasi kwamba wengi huona haya kukipeleka zahanati. Lakini aliyepasuka vidole anajua gharama yake. Kufunga kifungo cha shati kunauma. Kuwasha kiberiti, kumenya kiazi, kuhesabu noti na kushika chuchu ya ng'ombe kunauma. Kazi ya saa moja huchukua saa moja na nusu, na wakati mwingine huachwa kabla ya kuisha. Zaidi ya maumivu, ufa huo ni mlango ulioachwa wazi katika mkono unaoshika udongo, samadi, maziwa na dawa za shambani siku nzima.

Somo hili linaeleza kwa nini ncha za vidole hupasuka, namna ya kuzuia, namna ya kutibu nyumbani, na dalili ambazo hazipaswi kusubiri.

KWA NINI NCHA ZA VIDOLE

Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kwa chembe zilizokufa, zilizopangwa moja juu ya nyingine mithili ya matofali. Katikati ya matofali hayo mna mafuta ya asili, na mafuta hayo ndiyo saruji yake. Kazi ya ukuta huo ni kuzuia maji ya mwili yasitoke na uchafu wa nje usiingie. Mafuta yakiwepo, ngozi hubaki na unyevu na hukunjika bila shida. Mafuta yakiondoka, maji nayo huondoka, na ngozi hukauka.

Sehemu nyingi za mwili zina tezi ndogo zinazotoa mafuta mapya na kuipaka ngozi kila wakati. Viganja vya mikono, ncha za vidole na nyayo hazina tezi hizo. Ndiyo maana uso huweza kung'aa kwa mafuta wakati vidole vya mtu huyo huyo vimekauka. Ncha ya kidole hutegemea mafuta machache yaliyomo ndani ya ngozi yenyewe, na kila sabuni inapopita huchukua sehemu yake. Mtu anayenawa na kufua mara nyingi kwa siku huyaondoa mafuta hayo upesi kuliko ngozi inavyoweza kuyarudisha.

Tena, ngozi ya ncha za vidole ni nene. Ngozi nene iliyokauka hukosa ulaini, kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa juani: ukiikunja, haipindi bali huvunjika. Kidole hukunjwa na kukunjuliwa maelfu ya mara kwa siku, na ufa hutokea pale inapokunjika zaidi, hasa kando ya ukucha na kwenye mikunjo ya viungo. Ufa ukibaki katika tabaka la juu hauumi sana. Ukishuka hadi tabaka la pili, lenye mishipa ya damu na ya fahamu, huanza kuchoma na kutoa damu. Ncha za vidole zina mishipa mingi sana ya fahamu, na hiyo ndiyo sababu kidonda kisichozidi urefu wa punje ya mchele humnyima mtu usingizi.

BARIDI INAFANYA NINI

Joto hupungua kadiri mtu anavyopanda mlima, kwa wastani wa digrii 6 hivi kila mita 1,000. Sehemu kubwa ya Nyandarua iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo wakazi wake huishi na baridi ambayo jirani zao wa bondeni huisikia kwenye redio tu. Baridi hiyo hushambulia vidole kwa njia tatu.

Kwanza, hewa baridi haibebi maji mengi. Hewa ya digrii 10 huweza kubeba takriban nusu tu ya mvuke unaoweza kubebwa na hewa ya digrii 20. Hewa hiyo ikigusa mkono wenye joto, nayo hupata joto, na papo hapo huwa na kiu: hufyonza maji kutoka kwenye ngozi. Upepo huongeza kasi ya jambo hilo, kama unavyoharakisha kukauka kwa nguo kwenye kamba. Hali huwa hivyo hata siku za ukungu. Huwa mbaya zaidi katika usiku wa kiangazi, Januari na Februari, anga linapokuwa wazi, hewa ikawa kavu, na alfajiri mashamba mengine yakaamka na ule weupe wa sakitu unaounguza majani ya viazi.

Pili, mwili unapopata baridi hujihami kwa kubana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili joto libaki kifuani na tumboni. Vidole hupata damu kidogo, hivyo ngozi yake hujijenga upya polepole, na ufa uliopo huchelewa kupona.

Tatu, baridi hubadilisha mienendo ya watu. Mtu hunawa kwa maji ya moto sana, ambayo huyeyusha mafuta ya ngozi kuliko maji ya vuguvugu. Kisha hukausha mikono juu ya jiko la makaa, ambapo joto humalizia unyevu uliobaki. Kulowa, kukauka, kulowa tena na kukauka tena ndiko kunakoiumiza ngozi zaidi ya yote. Kila inapolowa huvimba kidogo, na kila inapokauka hujikunja. Baada ya siku kadhaa ukuta hupata ufa.

UFA NI MLANGO

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa vidole, msemo huo ni kweli neno kwa neno. Ngozi nzima huzuia vijidudu vingi ambavyo mkulima hushika kila siku bila kudhurika. Ngozi iliyopasuka haiwezi.

Hatari ya kawaida ni usaha. Vijidudu vinavyoleta majipu huingia ndani ya ufa, kidole kikavimba, kikawa chekundu na kuanza kupwita. Vijidudu vya aina hiyo hiyo husababisha pia ugonjwa wa kiwele. Mkamuaji mwenye kidole chenye usaha anaweza kuvipeleka kwenye chuchu za ng'ombe na ndani ya maziwa. Hasara hiyo haiishii mkononi mwake. Hufika kwenye mtungi wa maziwa na kwa ng'ombe mwenyewe.

Pepopunda ni hatari nyingine. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kwenye samadi, na huingia mwilini kupitia jeraha. Mkazi anayefanya kazi ya shamba na hakumbuki alichanjwa lini dhidi ya pepopunda anapaswa kuuliza katika kituo cha afya kabla hajaumia.

Bruselosisi, ugonjwa unaofanya ng'ombe, mbuzi na kondoo watupe mimba, huwapata watu wengi kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa. Lakini huweza pia kuingia kupitia ngozi iliyopasuka, pale mtu anapomsaidia mnyama kuzaa au anaposhika kondo la nyuma bila glavu. Kwa binadamu huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi, uchovu na maumivu ya viungo. Kimeta nacho huingia kwa njia ya ngozi yenye jeraha, hasa mtu anapochuna mnyama aliyekufa ghafla. Mnyama wa namna hiyo hachunwi wala haliwi. Afisa wa mifugo huarifiwa.

Mwisho, dawa za kunyunyizia viazi na kabeji hupenya ngozi kwa urahisi zaidi pale ngozi hiyo inapokuwa na nyufa. Mtu mwenye vidole vilivyopasuka asichanganye dawa wala kunyunyiza bila glavu za mpira zisizo na tundu. Iwapo kuna mwingine wa kumsaidia, ni heri kazi hiyo ifanywe na mwenye mikono mizima.

KUZUIA: MAFUTA KABLA YA UFA

Kinga yote inaweza kufupishwa kwa maneno machache: ngozi isikae bila mafuta, na isilowe bila sababu.

Kunawa. Mikono inawe kwa maji ya vuguvugu. Kipimo ni kile cha maji ya kumwogeshea mtoto, ambayo kiwiko huyavumilia bila kushtuka. Sabuni ya kuogea isiyo na manukato makali inatosha kwa uchafu wa kawaida. Sabuni ya unga na sabuni ya kufulia zimetengenezwa kuondoa mafuta kwenye nguo na sufuria, na ngozini hufanya kazi hiyo hiyo. Povu lote lioshwe, kisha mikono ikaushwe kwa kitambaa kwa kugandamiza, pamoja na katikati ya vidole na chini ya pete.

Hakuna mtu anayepaswa kuacha kunawa kwa sababu ya nyufa. Kunawa kabla ya kula, baada ya kutoka msalani, kabla ya kukamua na baada ya kushika dawa hakuna mbadala. Kinachobadilika ni kile kinachofuata baada ya kunawa.

Kupaka. Mafuta yapakwe ndani ya dakika chache baada ya kunawa, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo, ili maji hayo yafungiwe ndani. Mafuta yanayofaa zaidi ni yale mazito ya mgando, ambayo wengi huyaita Vaseline hata yakiwa ya kampuni nyingine. Losheni nyepesi huwa na maji mengi. Hupendeza mkononi, lakini hukauka haraka na huhitaji kurudiwa. Mafuta ya mgando hayana harufu, ni ya bei nafuu, na hayachomi yakigusa ufa. Kiasi cha punje moja ya haragwe kinatosha mikono miwili, mradi kifikishwe kwenye ncha za vidole na kusuguliwa kuzunguka kucha. Watu wengi hupaka kiganja na mgongo wa mkono, wakaziacha ncha zenyewe.

Nyakati tatu zisipite bila mafuta: asubuhi kabla ya kutoka nje, jioni baada ya kazi, na usiku kabla ya kulala. Wakati wa usiku ndio muhimu kuliko zote, kwa maana mikono hukaa saa nyingi bila maji, bila sabuni na bila udongo.

Glavu. Kazi kavu katika baridi hutaka glavu za sufi au za ngozi. Kazi ya maji hutaka glavu za mpira, na ndani yake glavu nyembamba za pamba ikiwezekana, kwa sababu mkono hutoa jasho ndani ya mpira na jasho hilo pia huilowesha ngozi. Glavu zilizolowa ndani zivuliwe, zigeuzwe na kuanikwa. Kuvaa glavu mbichi ni kubaya kuliko kutovaa kabisa. Glavu zilizokatwa vidole hupasha kiganja joto, lakini haziilindi sehemu ile ile inayopasuka.

Joto la mwili. Kwa kuwa mwili uliopoa huvinyima vidole damu, kuvaa vizuri kifuani, kichwani na kwenye vifundo vya mikono husaidia vidole. Sweta, boshori na mikono mirefu ya nguo inayofika kwenye kifundo ni sehemu ya tiba ya vidole. Mikono iliyokufa ganzi isipelekwe karibu na moto, kwa sababu haisikii inapoungua. Ipashwe joto kwapani au kwa maji ya vuguvugu.

KILA KAZI NA KINGA YAKE

Mkamuaji hunawa, hukausha mikono, hukausha kiwele, kisha hukamua. Kuchovya vidole kwenye maziwa ili viteleze ni desturi mbaya kwa maziwa na kwa vidole, kwa kuwa vidole hubaki vimelowa katika baridi ya alfajiri. Mafuta ya kukamulia yatumike kidogo na kwa usafi. Mafuta yenye manukato yasipakwe kabla ya kukamua, kwani maziwa hushika harufu. Dawa ya kuchovyea chuchu hukausha ngozi ya binadamu pia, kwa hiyo kikombe kishikwe kwa mpini wake na tone lililoanguka mkononi lioshwe. Kazi ikiisha, mkamuaji anawe na apake mafuta kabla hajaanza kazi nyingine.

Mchimbaji wa viazi ana adui mwingine: udongo. Udongo mkavu hunyonya mafuta ya ngozi, na chembe zake husugua kama msasa. Apake mafuta ya mgando dakika kumi kabla ya kuingia shambani, avae glavu za kitambaa zenye mpira kwenye kiganja, na wakati wa kufukua atumie jembe dogo au kijiti badala ya ncha za vidole. Wanaofunga na kuburuta magunia hukatwa na nyuzi. Nao glavu hizo zitawafaa.

Waosha karoti na wafua nguo hukaa na mikono ndani ya maji kuliko watu wote. Kwao glavu za mpira zinazofika karibu na kiwiko ni chombo cha kazi kama beseni lilivyo. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe isishikwe kwa mkono mtupu hata mara moja. Nguo zikikusanywa na kufuliwa kwa mkupuo mmoja, ngozi hulowa mara moja tu siku hiyo, na hilo ni afadhali kuliko kulowa mara tano.

Mwendeshaji wa bodaboda hupigwa na upepo anaoutengeneza mwenyewe. Mifuko ya kukinga upepo inayofungwa kwenye usukani husaidia zaidi ya glavu nyembamba, na vyote viwili kwa pamoja ni bora.

Fundi wa ujenzi ajue kwamba saruji mbichi haikaushi tu, huunguza. Ikigusa ngozi ioshwe mara moja kwa maji mengi. Fundi mwenye nyufa asiguse saruji bila glavu.

Watoto nao wasisahaulike. Mtoto anayekwenda shuleni alfajiri apakwe mafuta vidoleni kama anavyopakwa usoni. Mtoto mwenye vidole vilivyopasuka huandika polepole na mara nyingi hasemi kwa nini.

KUTIBU: KIFUNIKO BAADA YA UFA

Ngozi ikishapasuka, mafuta peke yake hayatoshi. Ufa unahitaji kulainishwa, kufungwa na kuachwa utulie. Hatua zifuatazo hufanywa usiku, kabla ya kulala.

1. Kuloweka. Vidole vilowekwe katika maji safi ya vuguvugu kwa dakika tano hadi kumi. Maji yasitiwe chumvi, siki wala dawa ya madoa.

2. Kusafisha. Udongo uliobaki kwenye ufa uondolewe kwa sabuni laini na kitambaa safi. Kijiti au sindano isitumike. Ngozi ngumu iliyosimama kingoni mwa ufa huzuia kingo zisikutane. Isuguliwe taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu ikiwa imelainika, lakini kamwe isikatwe kwa wembe.

3. Kupaka. Mkono ukaushwe kwa kugandamiza, kisha mafuta ya mgando yapakwe kwa wingi hadi ufa ujae.

4. Kufunika. Mikono ivishwe glavu za pamba. Asiye nazo atumie soksi safi za pamba, moja kila mkono, na kulala nazo hadi asubuhi. Kama mafuta ya kujipaka yameisha usiku huo, mafuta safi ya kupikia ni bora kuliko kulala mikavu.

5. Kufunga mchana. Asubuhi ncha ya kidole ikaushwe vizuri, kingo za ufa zisogezwe pamoja, na kidole kifungwe plasta ya kitambaa. Plasta huzuia mambo mawili: uchafu usiingie, na kidole kisikunjike na kuufungua ufa upya. Isikazwe hadi kidole kibadilike rangi. Ikilowa ibadilishwe, kwa maana plasta mbichi huoza ngozi iliyo chini yake.

Utaratibu huu ukifuatwa kila siku, ufa mdogo huanza kupungua maumivu baada ya usiku mmoja au miwili, na mara nyingi hufunga ndani ya wiki moja au mbili. Kosa la wengi ni kuacha pindi maumivu yanapokwisha. Ngozi mpya bado ni nyembamba, na baridi haijaondoka. Mafuta ya usiku yaendelee hadi msimu uishe.

MAMBO YA KUEPUKA

Spiriti huua vijidudu, lakini hukausha na kuunguza nyama mbichi iliyo ndani ya ufa. Maji na sabuni vinatosha. Ndimu, chumvi na dawa ya meno huongeza mwasho bila kuponya. Nta ya mshumaa iliyoyeyushwa huunguza. Mafuta ya taa, petroli na oili chafu ya gari, ambayo baadhi ya mafundi hutumia kuondoa grisi mkononi, huvua mafuta ya ngozi na kuacha sumu. Gundi kali ya dukani huziba ufa kwa muda, lakini huweza kuwasha ngozi na kufungia uchafu ndani. Hospitalini ipo gundi maalumu iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi.

Krimu za dukani zinazosifiwa kung'arisha ngozi zisitumike kutibu nyufa. Baadhi huwa na dawa kali ambazo, zikitumiwa bila ushauri wa mtaalamu, huifanya ngozi iwe nyembamba na kupasuka kwa urahisi zaidi.

DALILI ZISIZOSUBIRI

Mkazi aende zahanati au kituo cha afya kilicho karibu bila kuchelewa iwapo:

- kidole kimevimba, ni chekundu, kina joto, kinapwita au kinatoa usaha;
- mstari mwekundu unapanda kutoka kidoleni kuelekea kwenye mkono, au homa imeanza;
- taya zinakakamaa au misuli inabana baada ya jeraha lililogusa udongo au samadi;
- kidonda chenye rangi nyeusi katikati kimetokea baada ya kushika mnyama mgonjwa au aliyekufa;
- homa na maumivu ya viungo vimeanza siku au wiki kadhaa baada ya kumzalisha mnyama.

Mtu mwenye ugonjwa wa kisukari asingoje hata dalili hizo. Vidonda vyake hupona polepole na huweza kuharibika bila maumivu makubwa, kwa hiyo ufa wowote uonyeshwe kwa mhudumu wa afya mapema.

Zipo pia nyufa ambazo chanzo chake si baridi peke yake. Mikono inayowasha na kutoa vipele huenda ina ukurutu, au imekataa kitu fulani kama saruji, mpira wa glavu au sabuni mpya. Ngozi inayobambuka mkono mmoja tu huenda ina fangasi. Vidole vinavyogeuka vyeupe kama karatasi, kisha buluu, kila vinapoguswa na baridi huashiria tatizo la mishipa ya damu. Kila moja ya hali hizi ina tiba yake, na mafuta ya mgando peke yake hayatamaliza tatizo. Ikiwa nyufa hazijapungua baada ya wiki mbili za matunzo mazuri, ni wakati wa kupimwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

Maswali haya yanaweza kujadiliwa nyumbani, katika chama au kwenye kikao na mhudumu wa afya ya jamii.

Swali: Mkulima ananawa mara kumi kwa siku na vidole vyake vinapasuka. Je, apunguze kunawa?
Jibu: Hapana. Abadilishe maji ya moto kwa ya vuguvugu, aache sabuni ya kufulia, na apake mafuta kila anapomaliza kunawa.

Swali: Kwa nini mafuta hupakwa ngozi ikiwa na unyevu kidogo?
Jibu: Mafuta hayaleti maji, huyazuia yasitoke. Yakipakwa kwenye ngozi iliyokauka kabisa hayana maji mengi ya kuyafungia.

Swali: Kipi kilinde kidole chenye ufa mchana, mafuta au plasta?
Jibu: Plasta ya kitambaa, kwa kuwa huzuia uchafu na kukunjika. Mafuta mengi ni ya usiku.

Swali: Ng'ombe anazaa usiku wa manane na mwenye ng'ombe ana nyufa vidoleni. Afanye nini?
Jibu: Avae glavu ndefu za mpira, au amwite mtaalamu wa mifugo. Asishike kondo la nyuma kwa mikono mitupu.

Swali: Ni chombo gani cha bei nafuu kinachokosekana katika nyumba nyingi zenye watu waliopasuka vidole?
Jibu: Jozi ya soksi safi za pamba zilizotengwa kwa ajili ya mikono usiku.

Kopo moja la mafuta ya mgando likiwekwa kando ya mahali pa kunawia, na jingine kando ya kitanda, nusu ya kazi imekwisha. Mkopo hurudishwa, gunia hujazwa na mtoto hulishwa kwa vidole hivyo kumi. Vipakwe mafuta kabla ya ufa, na vikipasuka, vifunikwe.